Picha Iliyopigwa Kutoka Dirisha la Juu

Ijumaa, 4 Oktoba

Juu ya kabati la chumbani kwangu kuna mkebe wa biskuti, na ndani yake nimeficha simu ya marehemu mke wangu. Binti yangu Muriel anaamini nilikwisha kukatisha laini yake miaka miwili iliyopita, wiki ile ya mazishi. Sikuikatisha. Mwanzoni niliiweka kwa ajili ya sauti ya Hilly, maana mna sauti zake kumi na saba zilizorekodiwa, nyingi zikiniagiza maziwa. Baadaye nikaanza kusoma kundi la WhatsApp la mtaa, lile la ulinzi, ambalo yeye alikuwa mwanachama. Watu sitini na wawili wanaarifiana humo juu ya paka waliopotea na watu wasiofahamika. Nikazoea kulisoma. Halafu nikaanza kuandika na mimi, kwa jina lake.

Ijumaa iliyopita nilipiga picha kwa simu hiyo kutoka dirisha la chumba changu, nikaituma kwenye kundi. Ni picha ya kijana mweusi mwenye kofia ya sweta kichwani, ameinama kwenye baiskeli za watu katika uchochoro wa nyuma. Niliandika chini yake: "Mnamfahamu huyu?"

Kijana huyo ni mjukuu wangu Jairo.

Mimi ni Armand Zeefuik, mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa Paramaribo, Suriname, mkazi wa mtaa huu kwa miaka arobaini na mmoja, mweusi kama yeye. Nina miaka themanini na minne, na moyo wangu unafanya robo ya kazi yake. Daktari ameniambia nipange mambo yangu. Hili ndilo jambo langu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Niandike ilivyokuwa, kichwa kikiwa bado kizima.

Alikuwa ananiletea pom, kile chakula chetu cha kuku kinachookwa, aliyopika mama yake. Watu wa nyumba hii tunaingia kwa mlango wa jikoni, kupitia uchochoroni. Mlango wa mbele ni wa posta, wa daktari na wa wageni. Taa ya baiskeli yake ilikuwa imezimika njiani, akainama kuitengeneza mahali ambapo majirani hufunga baiskeli zao. Giza lilikuwa linaingia. Polisi wawili wakamkuta hapo. Wakamgeuza akaelekea ukuta wa kibanda, wakafungua foili kutazama imefunika nini, na pom yote ikamwagika. Niliteremka ngazi, na ngazi kwangu sasa ni safari. Nikafungua mlango wa jikoni nikasema, "Huyo ni mjukuu wangu." Wakaomba radhi. Mmoja akanishika kiwiko kunirudisha ndani.

Lingeweza kuishia pale. Lakini mtu mmoja wa kundi aliichukua ile picha, akalikata jina la mtumaji, akaiweka kwenye ukurasa wa mji wenye watu elfu kumi na nne. "Mwizi wa baiskeli. Jihadharini." Kufikia Jumapili asubuhi kila mtu alikuwa ameiona isipokuwa, kama wanavyodhani wote, mimi.

Jairo naye alirekodi video yake akieleza kilichotokea. Nimeitazama mara tano kwenye simu ya Hilly. Mwishoni anasema, "Bila babu yangu ningelala kituoni. Babu aliniokoa." Watu wamenitumia mioyo mingi.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Muuguzi anayenivisha soksi za kubana miguu alichelewa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo saa moja na nusu jioni nilikuwa kwenye dirisha la jikoni nikaona uso unakuja peke yake uchochoroni, uso uliomulikwa, hauna mwili. Tena unaimba kwa sauti kubwa. Alikuwa Jairo. Ameshika simu mbele ya kidevu, taa imewashwa, amejimulika mwenyewe.

"Unafanya nini wewe?" nilimuuliza alipoingia.

"Najitangaza, Babu. Ili wayaone meno."

"Meno?"

"Mtu anayechekacheka haitiwi polisi." Akavua viatu, akafungua friji yangu kama kawaida yake. "Hee, Babu, jibini hili lina umri wangu."

Ana miaka kumi na minane. Anasomea ufundi wa umeme, na mwaka huu yuko kwenye mafunzo ya kazi katika kampuni ya kufunga paneli za sola. Lazima apate saa mia mbili juu ya mapaa, la sivyo anarudia mwaka. Tangu picha itoke, mteja mmoja amesema hamtaki huyo kijana juu ya nyumba yake, na bosi amempeleka ghalani ahesabu skrubu. "Mpaka upepo upite," bosi alimwambia.

"Na hao wa ukurasa wa mji, umewaandikia?"

"Nimewaandikia mara nne. Wanasema wataitoa picha na kuandika kwamba ni uongo, lakini aombe mwenyewe aliyeipiga. Mwenyewe aseme alikosea." Alikuwa anatafuna. "Kwa hiyo namtafuta, Babu. Simtafuti nimpige. Namtafuta aseme sentensi moja."

Nilimuuliza, ili tuhame hapo, kwa nini hujipiga picha arobaini kisha hufuta thelathini na tisa. Hilo nimetaka kulijua siku nyingi. Sisi tulikuwa tukivaa suti kwenda kwa mpiga picha mara moja kwa miaka mitatu, na kama ulifumba macho, basi, umefumba macho hadi kaburini.

Akafunga friji. "Kwa sababu mimi nikijipiga nachagua. Wao wakinipiga ni moja tu, na ndani yake nimeinama kwenye baiskeli."

Halafu akasema, "Babu, swali kama hilo, ngoja nikurekodi unaliuliza."

Jumatatu, 14 Oktoba

Watu elfu thelathini na moja wameniona nikiuliza kwa nini vijana hujipiga picha arobaini. Muuguzi wa soksi amenisalimu kwa heshima mpya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kipindi sasa kina jina: Babu Anauliza. Jairo huweka simu kwenye gudulia la sukari, mimi nauliza, yeye anajibu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na hamu hivi ya kujua jambo. Nimefundisha miaka thelathini na miwili, na nimegundua sikuwahi kumuuliza kijana swali ambalo jibu lake sikuwa nalo.

Leo nimejifunza kwamba ana sauti tatu. Ya kwanza ni ya bosi, nyembamba, kila neno limepigwa pasi. Ya pili ni ya rafiki zake. Ya tatu ni ya kamera, na hiyo ndiyo inayomchosha.

"Na hii unayonisemesha mimi?"

"Hii? Hii siyo sauti, Babu. Hii ni mimi."

Nilimwambia mimi nilikuwa na mbili. Nilipofika nchi hii mwaka wa sabini na nne, mwalimu mkuu wangu wa kwanza alinisifu mbele ya wazazi kwamba nasema Kiholanzi kizuri kuliko wao, na mimi nikashukuru. Miaka yote nikashukuru. Niliwafundisha watoto wangu mikono isiingie mfukoni dukani, kofia ivuliwe, risiti itunzwe.

"Mama alinifundisha hivyohivyo," Jairo alisema. "Naweka risiti mpaka ya chewing gum. Siku ile nilikuwa nayo ya betri za taa. Hakuna aliyeiomba."

Hilo hakulirekodi.

Nimemuuliza pia kama anaona aibu kutazamwa na watu wengi vile. Amesema aibu ilikwisha shule ya msingi, siku mtoto mwenzake alipomrekodi analia na darasa zima likawa nayo kabla ya chakula cha mchana. "Tangu siku hiyo nikaamua nitakuwa wa kwanza kuposti." Alikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nakwenda kumchukua shuleni mwaka ule, kila Jumatano. Sikujua.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Giza linaingia saa kumi na moja na nusu.

Jairo alikuja mchana na picha yenyewe ameichapisha kwenye karatasi, amechora mistari kwa kalamu nyekundu kama fundi. "Tazama, Babu. Paa la kibanda linaonekana kwa juu. Kwa hiyo ilipigwa kutoka ghorofani. Mfereji wa maji uko kushoto. Kwa hiyo ni upande huu wa nyumba, siyo ule. Naomba nipande juu nipime."

Sikuwa na sababu ya kumkatalia. Akapanda ngazi mbilimbili. Mimi nikamfuata, nikapumzika katikati, nikafika akiwa amekwisha kusimama kwenye dirisha langu, simu mkononi, jicho moja amelifumba.

"Inakaribiana sana," alisema. "Inakaribiana kabisa. Ukisogea mita moja hivi kulia..." Akabandika shavu kwenye kioo. "Namba thelathini na sita. Ni yule bibi, Ineke."

Ineke Schouten ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni mjane wa miaka sabini na moja, na kila Jumanne huniletea supu ya njegere nzito inayosimamisha kijiko. Mtaani tumebaki sisi wawili tu wa zamani. Wengine wote wamehamia juzijuzi na hawajui Hilly ni nani. Kwao ni jina tu lenye picha ya maua. Ineke anajua. Naye yumo kwenye kundi.

"Usimshuku mtu kwa mita moja," nilisema.

"Siyo mita tu. Mwaka juzi aliniuliza, 'Wewe unaishi hapa?' Nimeshika ufunguo wako mkononi, Babu! Ufunguo!" Kisha akauona mkebe juu ya kabati, akaushusha, akautikisa. Kitu kiligonga bati. "Biskuti?"

"Zimeota ukungu."

"Utupe basi, utakuua," alisema, akaurudisha juu.

Nililala na nguo.

Jumanne, 29 Oktoba

Supu. Ineke aliniuliza nimelalaje. Nilisema vizuri.

Jumamosi, 2 Novemba

Bosi amemwambia Jairo kwamba asipopanda mapaa kufikia Desemba mkataba wa mafunzo unavunjwa. Hajamfanyia ubaya, anasema, wateja ndio wanaochagua. Jairo alinieleza kwa sauti ya bosi, ile nyembamba, kisha akatupa kofia yake ukutani.

Jana alirekodi video fupi. Hakutaja jina. Amesema tu, "Namba thelathini na sita, najua. Una mpaka Jumapili ya tarehe kumi na saba useme mwenyewe. La sivyo nitasema mimi." Imetazamwa mara elfu themanini.

Muriel amenipigia. Anafanya kazi kwenye tramu na nilisikia kengele nyuma yake. "Baba, mwambie apoe. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia."

"Tangu siku ile haongei nami, anaongea na wewe tu. Sijui nikushukuru vipi."

Simu ya mezani ni nzito kuliko nilivyoikumbuka.

Jumanne, 5 Novemba

Usiku wa kuamkia leo watu wamerusha mayai kwenye madirisha ya Ineke. Mji ni mdogo, na mwenye kuujua uchochoro wetu hahitaji kuambiwa jina la mtaa. Hata hivyo Ineke alileta supu. Aliiweka mezani, akavuta kiti, akaketi na koti lake.

"Mayai ni magumu kutoka yakikauka," alisema. "Nimetumia kisu cha siagi."

"Pole sana, Ineke."

"Pole ya nini, jirani? Umenirushia wewe?"

Nikavuta bakuli la supu. Nje mvua ilikuwa inapiga vibanda.

"Nilimuuliza yule kijana wako siku ile kama anaishi hapa," alisema. "Nilikuwa mjinga. Hilly alikuja kunisema jioni hiyohiyo, alinisema mpaka nikalia. Alikuwa sahihi. Kwa hiyo sikumlaumu Jairo kwa kunidhania. Nimestahili kidogo." Akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Lakini Hilly hakuwahi kutuma picha ya mtu kwenye lile kundi, Mwalimu. Miaka sita, hata picha ya paka. Halafu anakufa, anatuma."

"Ineke..."

"Mimi sisemi kitu kwa mtu. Siyo kwangu kusema. Supu usiiache ipoe."

Aliondoka kwa mlango wa jikoni. Nimejaribu kuandika alikuwa na uso gani, sikuweza. Kwa miaka arobaini nimemwona kama mwanamke wa maneno mengi anayechungulia mapazia. Sijui nilikuwa natazama nini.

Alhamisi, 7 Novemba

Ukungu. Miguu imevimba. Kitanda kimeletwa chini sebuleni, na mkebe nimemwomba muuguzi anishushie. Hakuuliza.

Jumamosi, 9 Novemba

Babu Anauliza, kipindi cha saba. Nilitaka kuuliza juu ya kusamehe mtandaoni, kama kupo. Jairo alicheka. "Kupo, Babu, lakini kunapata watazamaji wachache."

Baada ya kuzima simu nilimuuliza, "Akikiri huyo mtu, utamfanya nini?"

Alifikiri kweli. "Nitamuuliza kitu kimoja. Aliona nini? Nataka kujua tu. Alipotazama pale chini, aliona nini hasa?"

Jumatatu, 11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martin. Tangu saa kumi na moja watoto walikuwa barabarani na taa zao za karatasi, wakiimba mlango kwa mlango wapewe peremende. Ni mlango wa mbele leo, kwa kila mtu. Kitanda changu kiko dirishani, basi niliona yote. Nilikuwa na bakuli la chenza mapajani, na kila wakigonga nilipaza sauti, "Ingieni, hapajafungwa!" Wakaimba kando ya kitanda changu, pua zinawatiririka.

Niliwaona wanavyotoka kwangu. Mama mmoja alimshika mwanawe bega, akamvusha namba thelathini na sita, wakaenda thelathini na nane. Kundi lililofuata vivyo hivyo. Kila mwaka Ineke huwasha mshumaa kwenye kizingiti na kukaa mlangoni na beseni la chokoleti, kubwa mno, kwa sababu hakupata watoto. Mshumaa ulikuwa unawaka. Kwa saa moja na nusu hakuna mtoto aliyesimama hapo.

Saa moja kasoro niliona mkono wake ukitoka kuuzima.

Nimempigia Jairo kwa simu ya mezani. Nimemwambia aje kesho, na asilete kamera.

Jumanne, 12 Novemba

Alikuja saa kumi na moja, amejimulika uso, anaimba. Aliketi pembeni ya kitanda. Nilimpa mkebe.

"Biskuti za ukungu?" alisema, akafungua.

Aliiwasha simu mwenyewe. Wanajua vitu hivi bila kufundishwa. Nilimtazama akisoma na kidole chake kikipanda nyuma, wiki moja, wiki mbili, wiki sita. Kilipofika kikasimama.

"Hii ni simu ya Bibi."

"Ndiyo."

"Imetumwa na simu ya Bibi."

"Bibi alikuwa amekwisha kufa, Jairo. Ni mimi."

Alicheka. Lilikuwa cheko fupi, kama mtu aliyekanyaga maji baridi. Kisha akatazama dari, kile chumba cha juu, dirisha lile ambalo alikuwa amebandika shavu lake.

"Nilikuwa nimesimama pale," alisema. "Nikakwambia mita moja."

"Ndiyo."

"Umeniacha nikamwita yule mama vile. Watu elfu themanini, Babu! Umekaa na mimi hapa, gudulia la sukari, Babu Anauliza, hahaha, na mkebe uko juu. Ungeandika sentensi moja. Moja!"

"Najua."

"Hujui! Mimi nahesabu skrubu!" Alikuwa amesimama sasa. Sikuwa nimewahi kusikia sauti hii, haikuwa yoyote kati ya zile tatu. "Watu wote walionitazama vile, nilijiambia basi, hawanijui. Wewe umenibadilisha nepi."

Nilitaka aniulize lile swali lake. Nilikuwa nimejiandaa, au nilidhani nimejiandaa. Hakuuliza. Aliiweka simu kwenye blanketi kwa uangalifu, kama kitu cha mtu, akavaa viatu, akatoka.

Alitoka kwa mlango wa mbele.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeandika kwenye kundi na kwenye ukurasa wa mji, kwa jina langu kamili: kwamba mimi ndiye niliyepiga ile picha, kwamba aliyemo ni mjukuu wangu, kwamba hakuiba kitu, kwamba Ineke Schouten hahusiki kabisa. Imenichukua asubuhi nzima. Hadi jioni picha imeondolewa na maelezo yangu yamewekwa mahali pake. Watu wanaandika mengi chini yake. Mengine ni ya haki.

Jumapili, 17 Novemba

Ineke ameniambia kuna kijana amekuja na ngazi ya kampuni ya sola, ameosha madirisha yake yote, hata ya juu, na hakusema zaidi ya "Samahani, Bi Schouten." Alimpa beseni zima la chokoleti za Mtakatifu Martin.

Kwangu hakupita.

Jumatano, 20 Novemba

Theluji nyepesi, haikushika.

Ijumaa, 22 Novemba

Muriel alikuja kwa mlango wa jikoni, hakuketi. "Baba, uliniambia umekata laini."

"Nilikuongopea."

"Na mimi nikakushukuru." Alinibadilishia foronya, akanikatia kucha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza aliniuliza kama anaweza kusikia zile sauti za mama yake. Tukazisikiliza zote kumi na saba. Kwenye ya kumi na nne, ya maziwa yasiyo na mafuta, alicheka akiwa analia.

Jairo amerudishwa juu ya mapaa tangu Jumatatu, ndivyo alivyoniambia akiwa mlangoni.

Jumapili, 24 Novemba

Amekuja.

Nilisikia wimbo uchochoroni nikadhani ni dawa zinanichezea. Aliingia na baridi yote ya nje, na foili mikononi. "Pom," alisema. "Mama anasema ule, usijifanye umeshiba."

Alinilisha. Siku hizi siwezi kushika uma kwa muda mrefu. Alinieleza juu ya mapaa, kwamba kutoka juu ya jengo la maktaba unaona mpaka ziwani, na kwamba huko juu hakuna anayekutazama isipokuwa ndege. Mikono yake imekwaruzwa. Imekuwa mikono ya mtu mzima, na sijui imekuwa lini.

Kisha, bila kunitazama, anakwangua foili kwa kijiko: "Nimefikiria, Babu. Ilikuwa giza. Uko juu, mimi niko chini nimeinama, nimevaa kofia. Na macho yako yale mabovu. Hata Mama angekosea. Uliona kivuli tu, ukaogopa. Siyo kwamba uliniona mimi."

Aliniwekea maneno yale mdomoni kama alivyoniwekea pom.

"Ndiyo," nilisema. "Macho yangu."

Akashusha pumzi ndefu mno. Akauliza kama tunaweza kurekodi kipindi kimoja kabla ya Desemba.

Jumatatu, 25 Novemba

Siku ya uhuru wa Suriname. Ineke alitundika bendera yetu kwenye dirisha langu. Kwanza aliitundika juu chini.

Jumamosi, 30 Novemba

Muuguzi sasa anakuja mara tatu kwa siku. Daktari amekuja bila kuitwa, kwa mlango wa mbele, na ameketi muda mrefu. Ninaandika mistari miwili, napumzika.

Kesho Jairo anakuja kurekodi. Sitauliza mimi. Nitamwomba aniulize swali lake, lile la tarehe tisa, na kabla hajawasha simu nitampa daftari hili mkononi alisome nikiwa hapa ninatazamwa. Sitaki alikute baada ya mazishi, akiwa na kila sababu ya kunihurumia. Amenipa giza na macho mabaya nijifunike navyo, na kwa siku sita nimejifunika. Mjukuu wangu aliuliza jambo kwa sababu anataka kulijua. Mimi nilikuwa mwalimu. Lina jibu.

Nilipoituma picha sikumfahamu. Hilo ni kweli, na laiti lingekuwa lote. Saa ya simu ilionyesha saa moja na dakika arobaini jioni. Papo hapo watu wakaanza kujibu. "Asante, Hilly." "Macho makali, Hilly." Mmoja akaandika, "Nimekwisha kuwapigia polisi." Katika miaka arobaini na mmoja mtaani hapa, hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kumlinda na kitu.

Halafu yule kijana chini akainuka. Aliwasha taa ya simu yake aitazame waya wa baiskeli, na mwanga ukampata usoni. Nikauona uso wote: kidevu cha Hilly, meno, foili ya pom kwenye kapu la mbele. Kidole changu kilikuwa juu ya picha, na palikuwa na neno la kufuta. Nilijua nikifuta, kundi litaonyesha kwamba Hilly amefuta ujumbe, na watauliza kwa nini, na itabidi niseme huyo ni wangu. Nikajiambia kwamba kama hana hatia hana la kuogopa. Nikazisoma zile asante tena.

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na nne. Polisi walifika saa moja na dakika hamsini na tano. Dakika kumi na moja nilisimama dirishani nikimtazama Jairo akitengeneza taa yake, na nilijua ni yeye.